Uzi wa muvi za matukio ya kweli: kipi ni ruksa kubuni, na kipi ni changa la macho?

#1 Kisogo (mleta uzi)

Habari za wakati huu, wakuu.

Muvi za matukio ya kweli zikitajwa humu huwa tunagawanyika. Kuna wale wa "uongo mtupu, hayakutokea hivyo", na wale wa "tulia, hiyo ni sinema, siyo darasa la historia". Mimi pande zote mbili naziona za kivivu. Ukidai kila kitu kiwe kama kilivyokuwa, hakuna filamu itakayotengenezwa. Ukiruhusu kila kitu, basi yale maandishi ya "kisa cha kweli" mwanzoni ni chambo tu cha kuvutia wateja. Kwa hiyo naweka kipimo mezani, mkivunje kama kinavunjika.

Tuanze na yale ambayo mwandishi hana ujanja, lazima abuni. Kuna maneno ya chumbani. Watu wawili walifunga mlango wakaongea, wote wamekufa, hakuna aliyeandika. Atayatoa wapi? Atayatunga, na ufundi wake ni kuyatunga yafanane na barua, shajara na hotuba zao. Kuna muda. Jambo lililochukua miaka mitatu linaingizwa kwenye dakika 120, yaani kila mwaka unaambulia dakika 40, na hapo hujatoa utambulisho wala machozi ya mwisho. Vikao kumi vitageuka kimoja. Halafu kuna wingi wa watu. Mtazamaji ukimmwagia sura mpya kila dakika mbili anaanza kumgusa jirani, "huyu naye ni nani tena?" Ndiyo maana watu kadhaa wa kweli wanaunganishwa kuwa mhusika mmoja.

Kwenye Schindler's List (1993), Itzhak Stern tunayemwona amebebeshwa kazi za watu wasiopungua watatu: Stern mwenyewe, Abraham Bankier aliyeendesha kiwanda, na Mietek Pemper aliyekuwa karani wa Amon Göth, mkuu wa kambi ya Wanazi ya Płaszów. Sina ugomvi na hilo. Kazi ilifanyika, walioifanya walikuwa wafungwa wa Kiyahudi wenye akili ya hesabu na makaratasi, na filamu inasema hivyohivyo.

Sasa kipimo chenyewe: kubadili LINI na WAPI, nasamehe. Kubadili NANI alifanya na KWA NINI ilitokea, sisamehe.

Mfano wa NANI. Lincoln (2012) inaonyesha kura ya Bunge la Marekani ya tarehe 31 Januari 1865, ya marekebisho ya 13 ya katiba, yale ya kufuta utumwa. Matokeo, 119 kwa 56, yako sahihi. Lakini wabunge wawili wa Connecticut wanaonekana wakisema hapana, wakati wabunge wote wanne wa jimbo hilo walisema ndiyo. Mwandishi wa skripti alijitetea kwamba alitaka tuhisi kura ilivyokuwa ya kubanana, na kwamba majina ya hao wawili aliyabuni. Sawa, lakini waliosema hapana kweli walikuwa 56! Una hapana 56 mkononi, unamwazima wa nini aliyesema ndiyo?

Mfano wa KWA NINI ni Argo (2012), ile robo saa ya mwisho. Magari ya askari yanaifukuza ndege kwenye njia ya kurukia. Hakuna kitu kama hicho. Januari 1980 wale Wamarekani sita, waliokuwa wamejificha Iran baada ya ubalozi wao kutekwa, walipita uwanja wa ndege wa Tehran bila kushtukiwa, na kilichowatoa jasho ni ndege kuchelewa kwa hitilafu ya kiufundi. Walitoka kwa sababu karatasi zao zilikuwa safi na uongo wao, wa kujifanya watu wa sinema, ulipangwa vizuri. Filamu inatuambia walitoka kwa sababu rubani alikuwa na mbio kuliko Landrova za askari. Hayo ni majibu mawili tofauti kwa swali moja.

Karibuni. Matusi sitaki, mifano nataka.

#2 Mkaa Nyuma

Mkuu, Argo umeihurumia. Hapo kwenye NANI hujagusa kabisa. Waliowaficha wale watu ni Wakanada, balozi Ken Taylor na ofisa wake John Sheardown. Sheardown ndiye aliyepigiwa simu ya kuombwa msaada, na baadhi yao walikaa nyumbani kwake. Kwenye filamu hayupo, wamehamishiwa wote kwa balozi. Tena kuna mahali mhusika anasema Waingereza waliwafukuza, ilhali Waingereza waliwapa hifadhi mwanzoni kabla hawajahamia kwa Wakanada. Ni sentensi moja tu, mtu anaisema akitembea, na ubalozi mzima umeshachafuliwa.

Uongo mkubwa wa kwenye muvi haupo kwenye milipuko. Upo kwenye sentensi za kupita kama hizo, kwa sababu hakuna anayezitilia shaka.

#3 Bi Rangi

Naunga mkono hoja, ila kipimo kina tundu. Umesahau NAMNA.

Chukua Braveheart (1995). Watu hucheka mavazi, wengine wanapiga hesabu ya yule binti mfalme wa Ufaransa, Isabella. Alizaliwa yapata 1295 na akafika Uingereza 1308, William Wallace, kiongozi wa Waskoti, akiwa ameshauawa tangu 1305. Hayo ni mapenzi na mtu aliyekuwa mtoto mdogo ng'ambo ya bahari, kwa hiyo tuyaache, kila mtu anayajua. Kosa ambalo watu hawaliongelei ni vita vya Stirling.

Jina lake kamili ni vita vya Daraja la Stirling, Septemba 1297. Kwenye filamu daraja halipo. Ni uwanja wa nyasi, majeshi mawili yanatazamana, hotuba, matusi, mikuki mirefu inainuliwa dakika ya mwisho. Picha tamu sana. Lakini daraja ndilo lililoshinda vita! Lilikuwa jembamba kiasi kwamba wapanda farasi walipita wawiliwawili. Waskoti walikaa juu wakisubiri, walipoona waliovuka wanatosha kuuawa na waliobaki ng'ambo hawawezi kuja kuwasaidia, wakashuka. Ukiondoa daraja unaondoa akili ya wale watu. Jeshi dogo linabaki limeshinda kwa sababu lilikuwa na hasira zaidi, basi.

NANI ni sahihi, KWA NINI ni sahihi, LINI na WAPI si haba. Kilichoibiwa ni ujuzi wao. Kwangu hilo halisameheki.

#4 Darubini

Bi Rangi amepiga panapouma. Mimi napinga upande wa pili wa kipimo, huu wa kusamehe LINI.

The Last King of Scotland (2006). Daktari kijana Mskoti, Nicholas Garrigan, hakuwahi kuwepo. Ni mhusika wa riwaya, na filamu imetoka kwenye riwaya. Hilo sawa. Ila angalia tarehe. Kay, mke wa Idi Amin, alikufa Agosti 1974. Utekaji wa ndege iliyopelekwa Entebbe ni Juni na Julai 1976. Filamu inavibandika vitu hivyo viwili: mwili wa Kay, kisha mateka, kisha daktari anatorokea kwenye ndege ya mateka walioachiwa. Miaka miwili imekuwa siku chache. Na kwa sababu Garrigan ndiye aliyempa Kay ujauzito kwenye hadithi, kifo cha mwanamke wa kweli kinageuka adhabu ya kosa la kijana wa kubuni. Umesogeza LINI, imezaliwa KWA NINI mpya.

Au Chernobyl, tamthilia ya sehemu tano ya 2019 kuhusu mlipuko wa kinu cha nyuklia. Helikopta inaanguka karibu na jengo katika siku za mwanzo kabisa. Ajali ile ni ya kweli, lakini ilitokea Oktoba 1986, zaidi ya miezi mitano baada ya mlipuko wa 26 Aprili, na chanzo ni panga la helikopta kugonga kamba ya winchi. Ukiangalia kwa makini utaiona kamba hata kwenye tamthilia. Ila kwa kuwa imewekwa pale ambapo kila mtu anaogopa moshi, watazamaji wengi wanatoka wakiamini mionzi ndiyo iliyoiangusha.

Kwa hiyo mkuu Kisogo, tarehe siyo pambo. Mtu akiona A halafu B, ubongo wake unaandika "kwa sababu ya A".

#5 Kisogo

Nimekubali. Narekebisha: LINI inasamehewa pale tu ambapo kusogeza hakuzalishi chanzo kipya. Vikao vitatu kuwa kimoja, hakuna neno. Vifo na ajali, mkono usiguse tarehe. Na NAMNA ya Bi Rangi imeingia.

#6 Mtoto wa Kati

Nyie mnasahau kanuni kuu ya muvi: steringi hafi, na akifa lazima ahutubie kwanza 😂

#7 Fundi Taa

Mnaongelea skripti tu kana kwamba picha inajipiga yenyewe. Kuna uongo ambao hauko kwenye maneno. Uko kwenye taa, nguo na sauti, na huo ndio unaoingia kichwani bila kubisha hodi.

Taa. Kabla ya umeme, chumba usiku kilikuwa giza lenye visiwa vya mwanga. Filamu nyingi za kale zinawasha mshumaa mmoja mezani na chumba kizima kinang'aa hadi kwenye kona za dari. Tazama kivuli: mshumaa uko mezani lakini kivuli cha pua kinashuka chini, maana yake taa halisi iko juu nje ya fremu. Stanley Kubrick kwenye Barry Lyndon (1975) alitaka mwanga wa mishumaa yenyewe, akatumia lenzi za Zeiss za milimita 50 zenye tundu la f/0.7 zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA. Tundu pana hivyo linameza mwanga mwingi, lakini linakuadhibu. Eneo linaloonekana kwa ukali linakuwa jembamba mno, mwigizaji akiinama kidogo kuelekea kamera uso unapotea kwenye ukungu. Ndiyo maana kwenye mandhari zile watu wamekaa wametulia kama picha za kuchora. Hadithi yenyewe ni ya riwaya, hakuna mtu wa kweli pale, na bado inakufundisha usiku wa karne ya 18 ulivyokuwa kuliko filamu nyingi za "kisa cha kweli".

Nguo. Ukitaka kujua kama idara ya mavazi ilikuwa kazini, usitazame kofia ya jenerali, tazama viwiko, magoti, kola na midomo ya mifuko. Nguo huchakaa pale inapokunjwa na kushikwa. Mafundi wanaozeesha nguo huzifua mara nyingi, huzisugua kwa brashi ya waya au jiwe la kusugulia, hupausha rangi mabegani ambako jua hupiga, huacha makwapa na mikunjo ikiwa na rangi nzito. Wakiwa na haraka wanapuliza vumbi la kahawia kwa usawa mwili mzima. Askari mia wenye uchafu unaolingana, kama wamechovywa kwenye ndoo moja. Ukiona hivyo ujue bajeti iliishia kwenye farasi.

Sauti. Hapa Oppenheimer (2023) naipa maksi. Jaribio la Trinity, la bomu la kwanza la nyuklia, 16 Julai 1945, bomu linawaka kwanza na kimya kinatanda. Mlipuko wa sauti unakuja baadaye sana. Hiyo siyo mbwembwe, ni fizikia, kama umeme wa radi. Sauti hewani huenda kama mita 340 kwa sekunde. Handaki la kuongozea jaribio lilikuwa yadi 10,000 kutoka mnara, yaani kilomita 9 na kidogo. Gawanya, unapata sekunde 27 hivi za ukimya. Waliokuwa kilimani umbali wa kilomita 32 walisubiri kama dakika moja na nusu. Filamu za vita zimetuzoesha mwanga na kishindo kwa pamoja hata bomu likiwa mlima wa pili, na tumekubali.

Kuelea angani. Apollo 13 (1995) walijenga seti ya chombo ndani ya ndege ya NASA aina ya KC-135, inayopanda na kushuka kwa mkunjo. Kila mkunjo unakupa kama sekunde 25 za kuelea, basi. Kwa hiyo ukiona mtu anaelea mwili mzima, hesabu: fremu zile ni fupifupi. Mazungumzo marefu ambayo unaona kifua na kichwa tu yalipigwa ardhini, waigizaji wakiyumba kidogokidogo. Hakuna aliyedanganywa, na miguu inayoelea ni ya kweli.

#8 Mkaa Nyuma

Fundi, kwenye hiyo Apollo 13 ongeza moja. Ugomvi wa mle ndani, ule wa kulaumiana na mwanaanga mwenzao Swigert, haukuwepo. Watu watatu kwenye debe la baridi, hewa chafu inapanda, mwandishi bado anaona msisimko hautoshi mpaka wagombane.

#9 Mgeni Mwenyeji

Wakuu nasoma kimyakimya tangu juu. Swali la vitendo: mtu wa kawaida atajuaje? Siwezi kusoma vitabu vitano kwa kila muvi.

#10 Darubini

Huhitaji vitabu vitano, dada/kaka. Saa moja inatosha ukijua pa kugusa.

Anza na maandishi ya mwanzo, yana ngazi. "Hiki ni kisa cha kweli" ni dai zito. "Imetokana na kisa cha kweli" ina mlango wa nyuma. "Imechochewa na matukio ya kweli" ina ukuta mmoja tu, nyumba nzima ni ya kubuni. Kisha subiri majina ya mwisho yapite yote, usizime. Chini kabisa kuna aya ya mawakili inayokiri wahusika na matukio fulani yamebuniwa. Kwenye Chernobyl, kadi za mwisho zinasema wazi kwamba mwanasayansi Ulana Khomyuk amewekwa kuwakilisha wanasayansi wengi waliomsaidia Legasov, mwanakemia aliyechunguza ajali ile. Wengi walikuwa wameshazima runinga.

Hatua ya pili, chukua karatasi, andika majina ya wahusika watano wakubwa, mtafute mmojammoja. Asiyepatikana nje ya kurasa za filamu ni wa kubuni. Dalili zake ni hizi: yuko kila mahali mambo yanapotokea, anauliza maswali ili wakubwa wapate nafasi ya kueleza, na hana cha kupoteza kwenye historia. Mara nyingi ni mgeni kutoka nje.

Tatu, tarehe. Chora safu mbili, ya filamu na ya kweli, matukio sita au saba tu: vifo, kura, mikataba, kukamatwa. Pale mishale inapopishana ndipo pa kuchimba.

Nne, rudia nusu saa ya mwisho. Uongo mwingi unaishi huko. Mbio za magari, simu inayopokelewa sekunde ya mwisho, hotuba mahakamani. Legasov kwenye tamthilia anatoa ushahidi mtamu sana kwenye kesi ya 1987. Yule wa kweli hakuwepo pale mahakamani. Nambari na maelezo ya kinu mengi ni mazuri, mtu wa kuyasema ndiye aliyebandikwa.

Na tahadhari: usikipime kisa kwa kitabu kilekile kilichozaa filamu, hasa kama ni kumbukumbu za shujaa mwenyewe. Hapo unamuuliza mshtakiwa kama ana hatia. Tafuta kumbukumbu za kikao, hukumu, au mtu wa upande wa pili.

#11 Mkaa Nyuma

Halafu si kila badiliko ni ulaghai. Kuna sheria. Selma (2014) ina Martin Luther King anayehutubia mara kadhaa, na hotuba zile siyo zake. Hotuba za King zina hakimiliki, ziko chini ya warithi wake, na haki za kuzitumia kwenye filamu zilikuwa zimeshapewa studio nyingine. Mwongozaji Ava DuVernay akaandika upya, maana ileile, mdundo uleule, maneno mengine. Ukisikiliza na hotuba halisi pembeni utasikia alivyokuwa akitembea juu ya kamba: akikaribia mno anashtakiwa, akienda mbali mno siyo King. Kwa kipimo cha mleta uzi, NANI, NAMNA na KWA NINI havijaguswa. Nawasamehe wote.

Ambacho sikisamehe sana ni cha Invictus (2009): shairi. Kabla ya kombe la raga la 1995 Mandela alimpa nahodha Pienaar kipande cha hotuba ya Theodore Roosevelt, siyo shairi lile lililobeba jina la filamu. Hakuna mwanasheria aliyewalazimisha, ni jina tu lilihitaji kuhalalishwa.

#12 Bi Rangi

Kwenye NANI kuna deni lingine, la marehemu wa kawaida. Mfalme ana vitabu mia vya kumtetea. Askari wa kawaida ana hiyo muvi tu.

Zulu (1964), mapigano ya Waingereza na Wazulu pale Rorke's Drift, Januari 1879. Henry Hook anaonyeshwa mlevi, mtoro wa kazi, anayejikomboa kwa bunduki dakika za mwisho. Hook wa kweli alikuwa mtu asiyegusa pombe, na ni mmoja wa wale 11 waliopata Msalaba wa Victoria, nishani ya juu ya ushujaa ya Uingereza, siku ile. Filamu ilihitaji mkorofi anayebadilika, ikamchagua mtu kwa jina lake halisi. Kwa nini wasibuni jina? Filamu hiyohiyo inamaliza kwa wapiganaji wa Kizulu kurudi kuwaimbia Waingereza wimbo wa heshima. Halikutokea. Waliondoka, na kikosi cha kuwaokoa Waingereza kilikuwa njiani. Wimbo ule unafanya kazi moja: Wazulu wenyewe watie sahihi kwenye ushujaa wa aliyewavamia.

Titanic (1997), ofisa wa kwanza William Murdoch anampiga abiria risasi, kisha anajiua. Kwa jina lake halisi. Watu wa kwao Dalbeattie, Scotland, walilalamika, na studio ikaenda kuomba radhi na kutoa pauni 5,000 kwa tuzo ya shule yenye jina lake. Wangempa cheo bila jina, "ofisa mmoja", mandhari ingebaki ileile na hakuna ambaye angeumia.

Kanuni yangu: ukitaka kumbebesha mtu aibu ambayo huna ushahidi nayo, mvue jina kwanza.

#13 Kisogo

Hiyo ya kumvua jina naichukua, Bi Rangi.

Sasa niweke ninayoiona imefaulu karibu kila mtihani: The Battle of Algiers (1966) ya Gillo Pontecorvo. Inahusu vita vya Waalgeria dhidi ya ukoloni wa Ufaransa, imepigwa Casbah yenyewe, mtaa wa kale wa Algiers, nyeusi na nyeupe, kamera mkononi, picha ina chembe kama ya taarifa ya habari, hadi ikabidi waandike mwanzoni kwamba hakuna hata kipande cha taarifa ya habari kilichotumika. Waigizaji karibu wote ni watu wa kawaida. Anayecheza kiongozi wa chini kwa chini, Saadi Yacef, ndiye aliyeongoza mtandao wa FLN, chama cha ukombozi cha Algeria, mle Casbah hadi alipokamatwa 1957. Kanali Mathieu ni muunganiko wa maofisa kadhaa wa Kifaransa, akapewa jina la kubuni, na mwigizaji wake Jean Martin ndiye karibu peke yake mwenye fani.

Tazama mandhari ya wanawake watatu wanaoweka mabomu. Kamera inakaa na mmojawapo ndani ya mkahawa, inatuonyesha nyuso za watakaokufa, mmojammoja, mtoto anayelamba aiskrimu akiwemo. Hakuna muziki wa kukuambia uwe upande gani.

#14 Darubini

Nakubali, ila Yacef ni prodyuza pia. Aliyeshiriki vita analipia na kuigiza filamu ya vita vyake. Kwa tahadhari yangu ya pale juu, huyo ni shahidi mwenye maslahi. Kinachoiokoa ni lile la watoto mkahawani. Mtu mwenye maslahi kwa kawaida hukata kipande kile.

Na kuhusu WAPI, tusiseme halina uzito. Mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994 yana filamu tatu zinazolinganishwa sana. Hotel Rwanda (2004) ilipigwa zaidi Afrika Kusini. Sometimes in April (2005) ya Raoul Peck na Shooting Dogs (2005) zilipigwa Rwanda, hiyo ya mwisho kwenye shule yenyewe ya ETO, ambako kisa chake kilitokea, manusura wakiwa miongoni mwa watendaji. Hotel Rwanda ina steringi, hoteli moja, mlango mmoja wa kulinda, inashika moyo haraka. Lakini baadhi ya manusura wa hoteli ile wamepinga hadharani jinsi shujaa alivyochorwa. Zile mbili hazina ushindi wa kukupa. Unapopiga filamu mahali penye watu walioona, kuna mtu kila siku nyuma ya kamera wa kukuambia "hapana, haikuwa hivyo". Ukihama nchi, huyo mtu hayupo.

#15 Mtoto wa Kati

Hapo kwenye #14 nimeacha utani kidogo. Ila ya Woman King (2022) mbona hamuigusi? Au mnaogopa kina dada 😅

#16 Bi Rangi

Hatuogopi. Agojie walikuwepo, jeshi la wanawake la Dahomey, na mazoezi na silaha zao vimefanyiwa kazi nzuri. Tatizo ni KWA NINI: filamu, iliyowekwa 1823, inampeleka mfalme Ghezo kwenye kuacha biashara ya watumwa na kuhamia mawese. Ghezo wa kweli aliendelea nayo kwa miongo kadhaa, akaja kutia sahihi mkataba na Waingereza 1852 baada ya kubanwa kwa meza na kwa meli. Wangeweza kumwacha jenerali wao wa kubuni apinge na ashindwe. Ingekuwa filamu kali zaidi.

#17 Mgeni Mwenyeji

Asanteni, nimeshachora safu mbili za Oppenheimer. Nimepata kitu: kwenye filamu Oppenheimer anampelekea Einstein yale mahesabu ya wasiwasi kwamba bomu lingewasha hewa ya dunia nzima.

#18 Darubini

Sahihi kabisa. Aliyefuatwa kwa wasiwasi ule ni Arthur Compton. Mwongozaji amekiri alimweka Einstein kwa sababu mtazamaji anamjua. Umeanza vizuri.

#19 Fundi Taa

Kwenye hiyohiyo kuna kitu kidogo cha kuwinda. Umati unapunga bendera za Marekani mwaka 1945, na baadhi ni za nyota 50. Wakati ule zilikuwa 48. Ya 49 iliingia 1959 na ya 50 mwaka 1960. Huna haja ya kuhesabu. Nyota 48 zimepangwa safu sita za nanenane, zimenyooka wima na mlalo kama madawati. Nyota 50 zimepishana, safu ya sita halafu ya tano. Simamisha picha, fuata mstari wa wima kwa kidole. Ukikatika, umewakamata.